Mbio za Magari na Maji ya Ziwa

Jioni moja mjini Rumonge, katika nyumba ya koplo mmoja ambaye kazi yake jeshini ni ufundi wa magari, yalizuka mabishano yaliyoendelea hata chakula kikapoa. Mdogo wake, kijana wa miaka kumi na tisa aliyekuja likizo kutoka Bujumbura, alikuwa akiwaonyesha watoto picha za mashindano ya magari ya Safari, yale yanayofanyika Naivasha nchini Kenya. Gari moja lilipasua vumbi laini kama unga, likaruka tuta, likatua na kuendelea kana kwamba halikuguswa. Watoto walishangilia. Koplo mwenyewe, mtu aliyezoea kuzifungua injini za malori na kuziunga tena, alisogeza kiti apate kuona vizuri.

Mkewe, ambaye huanika na kuuza ndagala, aliuliza swali moja tu: "Gari hilo linakunywa petroli kiasi gani?"

Kijana alijibu kwa fahari kwamba magari yale hayatumii tena petroli itokayo ardhini, bali mafuta yaliyotengenezwa kwa njia nyingine, yasiyoichafua hewa kama yale ya zamani. "Shemeji, dunia imebadilika," alisema.

"Imebadilika huko Naivasha," alijibu mama yule. "Hapa mtumbwi wa baba umelala ufukoni siku ya tatu kwa kukosa dumu moja."

Mabishano ya namna hii husikika mara nyingi siku hizi, nayo hayastahili kuachwa yapite kama porojo za jioni. Wako wasemao kwamba mbio za magari ni anasa ya wachache, na kwamba katika dunia inayozidi kupata joto ni aibu kuchoma mafuta kwa ajili ya kuzunguka na kurudi pale pale ulipoanzia. Wako wengine wasemao mchezo ni mchezo, na magari ishirini au thelathini hayawezi kuiharibu mbingu. Pande zote mbili zina sehemu ya ukweli, lakini kila upande huhesabu kile kinachoupendeza na kuacha kingine.

Mashindano ya Safari yalianzishwa mwaka 1953, wakati wa kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Uingereza, na njia zake zilipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Sifa yake katika miaka ile haikuwa kasi peke yake. Magari yaliyoshindana yalikuwa jamaa wa karibu wa magari ya barabarani. Bert Shankland wa Tanzania alishinda mwaka 1966 na tena mwaka 1967 akiwa na Peugeot 404, gari la aina ile ile iliyobeba abiria, wagonjwa na magunia katika nchi zetu kwa miaka mingi. Joginder Singh wa Kenya alishinda mara tatu, na Shekhar Mehta mara tano. Mwananchi aliyesimama kando ya njia akitazama tope likirushwa aliona pia ni chuma gani kinavunjika na kipi kinavumilia, na alipofika siku ya kununua gari alikumbuka.

Hoja hiyo ndiyo yenye nguvu kuliko zote kwa upande wa wapenda mbio, kwamba mashindano ni karakana ya majaribio. Breki za sahani, ambazo leo zimo katika karibu kila gari dogo linaloteremka kutoka milima ya Bururi kuja Rumonge, zilijipatia heshima yake katika mbio za Le Mans za mwaka 1953, Jaguar iliposhinda kwa kuweza kuchelewa kushika breki kuliko wenzake. Dereva anayeteremka mteremko ule na watu kumi na wawili ndani ya gari la watu saba (jambo ambalo polisi wanalijua vizuri) anawiwa kitu na watu wale wa mbio, ajue asijue.

Hata hivyo si kweli kwamba mbio za magari zimekuwa mbele daima. Petroli yenye risasi, ambayo moshi wake hudhuru ubongo wa mtoto, iliachwa katika nchi za Afrika zilizo kusini ya Sahara kufikia mwanzo wa mwaka 2006, baada ya nchi hizo kukubaliana mjini Dakar mwaka 2001. Mashindano makubwa ya NASCAR ya Marekani yalianza kuiacha mwaka 2007. Maana yake ni kwamba taksi ya Bujumbura ilitangulia kuwa safi kuliko gari la mbio la taifa tajiri kuliko yote. Haya si mambo ya kuchekelea, lakini yafaa yakumbukwe kila anapotokea mtu wa kutufundisha kwamba usafi huanzia kwa wenye magari ya kasi.

Je, hali ikoje sasa? Mashindano ya Safari yalirudi katika orodha ya ubingwa wa dunia mwaka 2021, baada ya kukosekana tangu mwaka 2002. Kuanzia mwaka 2022 magari ya daraja la juu yalifungwa mota ya umeme ya kuisaidia injini, nayo yakaanza kutumia mafuta yasiyotokana na petroli ya ardhini. Mota zile ziliondolewa msimu wa mwaka 2025, kwa kuwa wakubwa wa mchezo waliona gharama na matatizo yake ni makubwa mno. Mafuta mapya yalibaki. Kwa hiyo kijana yule wa Rumonge hakusema uongo.

Lakini alihesabu tangi la gari tu. Wenye mashindano ya Formula 1 walipofanya hesabu ya uchafu wa msimu mzima wa mwaka 2018, walipata tani 256,551 za hewa ya ukaa. Mafuta yaliyochomwa na magari ya mbio hayakufika hata asilimia moja ya jumla hiyo. Yalikuwa asilimia 0.7. Kusafirisha mizigo kwa ndege, meli na malori kulichukua asilimia 45, na safari za watu wanaohusika na kazi hiyo asilimia 27.7. Watazamaji waliosafiri kwenda kutazama hawakutiwa katika hesabu. Kwa mwanajeshi jambo hili si geni. Anajua kwamba bunduki ni nyepesi, na kinacholemea safari ni msafara unaofuata nyuma: maji, chakula, mahema, vipuri. Huko Naivasha helikopta huruka mbele ya magari kuangalia kama kuna watu au pundamilia njiani, na barabara ya kutoka Nairobi hujaa magari ya watazamaji kiasi cha kuwatoa jasho polisi. Ukisafisha tangi la gari la mbio na kuuacha msafara wake kama ulivyo, umefua kola ya shati tu.

Kwa nini basi jambo la mbali kama hili limguse mwuza ndagala wa Rumonge? Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470 hivi, na maji yake hutoka kwa mto mmoja tu, Lukuga, upande wa Kongo. Kinachoingia humo hukaa. Chakula cha samaki hutegemea maji ya chini yenye rutuba kupandishwa juu na pepo. Hewa inapopata joto, maji ya juu nayo hupata joto na kuwa mepesi, yakaelea juu ya yale ya baridi kama mafuta juu ya mchuzi, na rutuba ikabaki vilindini. Mwaka 2003 wataalamu waliandika katika jarida la Nature kwamba mimea midogo isiyoonekana kwa macho, ambayo ndiyo mwanzo wa chakula cha ndagala na mikeke, ilikuwa imepungua kwa kiasi cha asilimia 20, na kwamba upungufu huo waweza kupunguza samaki kwa asilimia 30 hivi. Nyavu zenye matundu madogo na wingi wa wavuvi zina lawama yake pia. Hapana haja ya kuwafichia wavuvi. Lakini joto halikutoka kwao. Tena mwaka 2024 ziwa lilipanda na kuzifukuza familia kutoka katika nyumba zilizokuwa karibu na maji, toka Gatumba hadi Rumonge. Wengi kati ya watu wale hawajapata kumiliki hata pikipiki.

Hapo ndipo penye uzito wa jambo lenyewe. Mbio za magari ni sehemu ndogo sana ya moshi wa dunia, hata zingekoma kesho ziwa lisingepoa. Lakini ni mchezo unaotazamwa na mamilioni, na vijana hujifunza kutoka humo ni kitu gani cha kutamani. Kijana akitamani injini ya kuunguruma na kufuka moshi, atailegeza hata ile ya pikipiki yake ili ipige kelele. Akitamani injini inayokwenda mbali kwa mafuta machache, huyo ni kijana wa kufaa katika nchi ambayo katika miaka hii ya karibuni imejua foleni ndefu za petroli. Na mchezo huu unaweza kuguswa. Mwaka 1974, dunia ilipobanwa na upungufu wa mafuta, mashindano ya Monte Carlo hayakufanyika kabisa, na kule Marekani mbio za maili 500 za Daytona zilipunguzwa zikawa 450. Waliopenda mbio hawakufa kwa huzuni. Mwaka 2018 mji wa Zürich uliruhusu mbio za magari ya umeme, ingawa Uswisi ilikuwa imepiga marufuku mbio za viwanjani tangu mwaka 1955 baada ya maafa ya Le Mans. Mlango uliofungwa kwa ajili ya hatari ulifunguliwa kwa gari lisilo na moshi.

Tukirudi kwa yale mafuta mapya, ipo hatari moja ambayo watu wa Rumonge wanaweza kuiona upesi kuliko watu wa Ulaya. Mafuta ya kuendeshea injini yanaweza kutengenezwa kwa mimea, na mche mmoja uwezao kazi hiyo ni mchikichi. Kanuni za Formula 1 za mwaka 2026 zinadai kwamba mafuta yake yasitokane na mazao ya chakula. Yatokane na takataka, na mabaki ya mimea, au na hewa ya ukaa yenyewe iliyonaswa. Kanuni hiyo ni njema na yafaa ishikwe kwa mkono wa chuma. Mawese ya Rumonge yana kazi zake: yamo katika sufuria ya maharage, yamo katika sabuni, yamo katika ada ya shule. Siku tajiri wa mbali atakapoanza kuyanunua ili gari lake lisifiwe kwa usafi, bei ya mawese sokoni itapanda, na mtoto wa mlinzi wa zamu ndiye atakayekula maharage makavu. Usafi wa namna hiyo ni heri usiwepo.

Hayo yote mke wa koplo hakuyasema kwa maneno haya. Aliyasema kwa ufupi zaidi, akionyesha kwa kijiko mawese yaliyokuwa mbele ya shemeji yake.

Koplo alikuwa amenyamaza muda mrefu. Kisha alimwomba mdogo wake arudishe picha moja ya nyuma, ile ya mafundi wakilitengeneza gari katika kituo. "Tazameni chini," alisema. Chini ya gari palikuwa na turubai kubwa lililotandikwa. Kanuni za mashindano hayo zinataka kila gari linapotengenezwa litandikiwe turubai lisilopenya mafuta, ili tone lisiguse udongo. Mafundi wanakimbizana na saa, na hata hivyo hawaruhusiwi kumwaga.

"Na wewe, Baba watoto," mkewe aliuliza, "ile oili chafu unayoibadilisha hapa nyuma ya nyumba, katika magari ya jirani siku za Jumapili, huenda wapi?"

Koplo hakujibu, kwa maana jibu lilikuwa linajulikana. Huenda mtaroni, na mtaro huenda ziwani, karibu na mahali pale pale ndagala wanapoanikwa.

Jumapili iliyofuata alitandika turubai kuukuu chini ya gari la kwanza, na oili akaikinga kwenye beseni. Kufikia mwisho wa mwezi alikuwa na dumu mbili zimejaa, zimefungwa vizuri na kuwekwa chini ya paa. Jirani mmoja aliomba kidogo apake nguzo za ua wake dhidi ya mchwa, akapewa chupa moja. Zilizobaki hakuna aliyejua pa kuzipeleka. Koplo aliuliza kwenye karakana kubwa, akaambiwa na wao wanatafuta mahali. Mkewe sasa anataka kujua ni ofisi gani inayohusika na kuzipokea, kwa sababu dumu zimekuwa nne, na watoto wamezoea kuzitumia kama viti.