Besi ya Umeme na Usingizi wa Jirani

Wahenga walinena kwamba ngoma ikivuma sana haikawii kupasuka. Katika mtaa wa Nyakabiga mjini Bujumbura, ambako nyumba zimekaribiana, methali hii yampasa hasa mpiga besi. Sauti nyembamba ya gitaa hupunguzwa na ukuta. Sauti nene hupenya. Uzi mnene kuliko zote wa besi hutetemeka mara 41 hivi kwa sekunde, na mtetemo huo humfikia askari aliyetoka lindo la usiku, mtoto mchanga na mgonjwa, hata kama wimbo wenyewe hawausikii.

Kwa sababu hiyo, besi ya kusimama ya umeme yastahili kufikiriwa na kila jamaa yenye mpiga muziki. Ala hii ina shingo ndefu na nyuzi nne, yaani mi, la, re na sol, sawasawa na besi kubwa ya mbao. Ila tumbo lile kubwa lenye uwazi limeondolewa. Mahali pake pana ubao mwembamba, na penye daraja la nyuzi pana kifaa kidogo kinachogeuza mtetemo kuwa umeme. Mwanafunzi akivaa visikizio masikioni aweza kujizoeza saa nzima, na aliye chumba cha pili asisikie ila mguso wa vidole.

Besi ya kusimama si ngeni katika muziki wa dansi upendwao Bujumbura. Bendi za rumba za Léopoldville, mji ambao leo ni Kinshasa, ziliitumia ile ya mbao katika miaka ya 1950, kabla gitaa la besi, ambalo Leo Fender alilitoa Marekani mwaka 1951, halijashika nafasi yake. Huko Unguja, vikundi vya taarab kama Culture Musical Club havikuiacha. Mwaka 1962 kampuni ya Ampeg ya Marekani ilitoa besi ya kusimama ya umeme iitwayo Baby Bass. Bendi za New York zilizopiga muziki wenye asili ya Kuba ziliipokea, kwa kuwa ilitoa mshindo mfupi na mnene uwafaao wacheza dansi. Rumba ya Kongo nayo ilichota mengi katika kisima hicho hicho cha Kuba.

Jukwaani kuna mtihani mwingine. Besi ya mbao ikisimama karibu na spika huvuma mlio usiokoma; ya umeme haina sana udhaifu huo, basi mpigaji hushawishika kuongeza sauti bila kiasi. Hapo ndipo bendi huharibika: maneno ya mwimbaji humezwa, mpiga ngoma hugonga kwa nguvu zaidi, na magitaa nayo hupandishwa. Mpigaji mwenye busara haweki spika yake katika pembe ya chumba, maana pembe huzidisha uvumi. Husimama mahali anapouona mguu wa mpiga ngoma. Na huacha nafasi kati ya mlio na mlio. Aidha, kwa kuwa shingo haina vyuma vya kugawa sauti kama gitaa, sikio ndilo humwonyesha kidole mahali pake. Asiyejisikia hawezi kupiga sawa.

Warundi wana mafunzo ya jambo hili tangu zamani. Katika ngoma za kifalme, ambazo UNESCO iliziandika mwaka 2014 katika orodha ya urithi wa utamaduni wa wanadamu, ngoma ya kati, inkiranya, huongoza, ibishikizo huifuata, nazo amashakwe hushika mapigo yasiyokatika. Besi ni amashakwe ya bendi: sifa yake ni kutoyumba. Naye mpiga inanga huimba kwa kunong'ona, pumzi yake ikiungana na nyuzi nene za ala hiyo. Akipaza sauti, uzuri wote hutoweka.

Ala hii haikosi kasoro. Umeme ukikatika katikati ya arusi, besi ya mbao huendelea kulia, lakini hii hunyamaza karibu kabisa. Tena bei yake si ndogo. Yafaa basi mume na mke wapatane kabla ya kununua: fedha zitoke wapi bila kugusa karo ya watoto, mazoezi yafanyike saa ngapi, na usiku wa kazi mpigaji arudi nyumbani kwa njia gani. Si vibaya jirani naye akaulizwa saa zake za kulala, hasa ikiwa kazi yake ni ya zamu.

Mpiga besi aliyejifunza kunyamaza nyumbani hujua pia kunyamaza jukwaani, na wenzake humfuata bila kuamrishwa. Kimya kingi kina mshindo mkuu.