Usonji si dhambi ya mama

Septemba 22, 2025, Rais wa Marekani Donald Trump aliwataka wajawazito wajiepushe na Tylenol, dawa ya maumivu ambayo huku kwetu tunaijua kama parasetamoli au Panadol, kwa madai kuwa inahusiana na usonji. Siku mbili baadaye Shirika la Afya Duniani (WHO) lilijibu kwamba hakuna ushahidi thabiti wa madai hayo, likasisitiza pia kwamba chanjo hazisababishi usonji. Lakini maneno yalikwishasambaa. Kina mama wangapi, wakiwa wamempakata mtoto mwenye usonji, walianza kuhesabu vidonge walivyomeza wakati wa ujauzito?

Hii si mara ya kwanza. Katikati ya karne iliyopita, baadhi ya wataalamu wa Marekani na Ulaya walifundisha kwamba usonji huletwa na mama asiyemwonyesha mtoto upendo. Mafundisho hayo yalikuja kutupwa, ila baada ya kuumiza familia nyingi. Mwaka 1998 daktari mmoja wa Uingereza alichapisha utafiti uliohusisha usonji na chanjo ya surua. Jarida lililoutoa liliufuta mwaka 2010, na daktari huyo akafutwa katika orodha ya madaktari wa nchi yake. Katika miaka hiyo yote wazazi waliogopa chanjo, na surua ikapata nafasi ya kurudi.

Mpendwa msomaji, kabla hatujawacheka wazungu, tujitazame. Huku kwetu swali ni lile lile, limevaa kanga tu. Mama alimkosea nani? Ukoo ule una laana gani? Mimba ile ilichezewa na nani? Baba naye mara nyingine anasema kwao hakuna watoto wa namna hiyo, kisha anaondoka, mama anabaki na mtoto, lawama na kodi ya nyumba.

Wanafunzi wa Yesu nao waliuliza swali hilo (Yohana 9:1-3). Walipomwona mtu aliyezaliwa kipofu, walitaka kujua dhambi ilikuwa yake au ya wazazi wake. Bwana alikataa yote mawili. Tukumbuke kwamba waliouliza hawakuwa maadui wa imani. Walikuwa wafuasi wake wa karibu, waliojiona wanauliza swali la kidini kabisa. Ndiyo sababu andiko hili linatuhusu sisi tunaokwenda kanisani.

Usonji ni tofauti katika namna ubongo unavyokua. Unaathiri jinsi mtu anavyowasiliana, anavyohusiana na wenzake na anavyopokea sauti, mwanga na mguso. WHO inakadiria kwamba mwaka 2021 mtu mmoja kati ya 127 duniani alikuwa na usonji. Kwa hesabu hiyo, usharika au parokia yenye watu 1,000 ingekuwa na watu wanane hivi. Jiulize, leo asubuhi uliwaona wangapi? Kama hukumwona hata mmoja, huenda wapo nyumbani, na mzazi mmoja amebaki nao.

Wanabaki kwa sababu za kila siku. Honi na muziki wa daladala vinaweza kumuumiza mtoto hadi akaziba masikio na kupiga kelele, na abiria wakasema hana adabu. Wengine hula aina mbili tatu tu za chakula, na shangazi akasema wamedekezwa. Wapo wasiotamka neno, na wapo wanaorudia sentensi moja kutwa nzima. Wengine hulala saa chache, na mzazi halali. Shuleni mwalimu ana darasa lililojaa na hakufundishwa namna ya kuwafundisha. Wanapokuwa watu wazima mambo yanazidi kuwa magumu. Kijana wa miaka 25 asiyemtazama mtu usoni na asiyejibu haraka anaweza kudhaniwa mwizi au mlevi, na mtaani hilo ni jambo la hatari.

Kisha anakuja kanisani. Spika zimefunguliwa hadi mwisho, kinanda na ngoma vinaunguruma, watu wanamshika kichwa bila kumwambia. Anapolia, wapo wanaoanza kukemea pepo. Tuseme wazi: usonji si pepo. Mtoto aliyefungwa kamba, aliyefungishwa mfungo au aliyekatishwa dawa kwa jina la maombi ameumizwa. Baadhi ya wenye usonji wana kifafa pia, na kumwachisha dawa za kifafa ghafla kunaweza kuyagharimu maisha yake.

Je, tuache kuomba? Hapana. Lakini tumtazame Bwana alivyofanya. Bartimayo alipopaza sauti, umati ulimkemea anyamaze; Yesu akasimama na kumuuliza anataka afanyiwe nini (Marko 10:46-52). Alipoletewa kiziwi aliyesema kwa shida, alimtenga kwanza na umati, akawa naye faraghani, akatumia mguso na ishara (Marko 7:31-35). Yesu alimwondoa kwenye kelele kabla ya lolote. Hakumfanya kuwa onyesho la ibada.

Hapo ndipo kazi yetu inapoanzia, na haihitaji harambee kubwa. Punguzeni sauti ya spika, hata kama ni katika ibada moja tu. Tengeni viti karibu na mlango, ili mzazi atoke na kurudi bila kukodolewa macho. Wazee wa kanisa na wahudumu wa mlangoni wamwulize mzazi mtoto anapenda nini na anaogopa nini. Mwalimu wa Shule ya Jumapili anaweza kuchora picha za mpangilio wa ibada, mtoto ajue kinachofuata. Wanaoandaa Komunyo na Kipaimara wasidhani kwamba asiyesema hana imani. Na jumuiya impe mama yule Jumamosi moja ya kupumzika: wawili waliomzoea mtoto wakae naye, mama alale.

Tuisemee haki pia. Tanzania imekuwa na Sheria ya Watu Wenye Ulemavu tangu mwaka 2010, na ilikwishauridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu hao. Lakini sheria haimfundishi mtoto. Mwalimu ndiye anayefundisha. Makanisa yetu yana shule, hospitali na vyuo vya ualimu. Tunapoihimiza serikali isambaze huduma hizi nje ya miji mikubwa, tujiulize shule zetu wenyewe zimewapokea wangapi, na wangapi tumewarudisha nyumbani kwa kisingizio cha nafasi.

Sayansi itaendelea kutafuta vyanzo, na ifanye hivyo kwa uaminifu. Kanisa halikutumwa kumtafuta mkosaji. Jumapili ijayo, mtoto akipiga kelele katikati ya mahubiri, usigeuke kumtazama mama yake kwa jicho kali. Sogea kidogo kwenye benchi, wapate mahali pa kukaa.