Bakteria wa manufaa si badala ya tiba ya kuhara

MATANGAZO ya maziwa ya mtindi na vidonge vyenye ‘bakteria wa manufaa’ yamezagaa. Wazazi wengi wanaaminishwa kuwa bidhaa hizo zitalinda matumbo ya watoto wao. Madai hayo yana ukweli, lakini ukweli huo una mipaka ambayo wauzaji hawaitaji.

Ukuta wa ndani wa utumbo umefunikwa kwa tabaka moja tu la seli zilizoshikana, na juu yake ute. Tabaka hilo jembamba ndilo linalopitisha chakula hadi kwenye damu na kuzuia viini vya maradhi. Maungio ya seli yakilegea, viini hupenya na uvimbe huanza.

Hapa ndipo bakteria wa manufaa wanapoingia. Huwanyang’anya viini hatari nafasi na chakula, na hutoa asidi inayowadhoofisha. Utafiti wa maabara umeonyesha kwamba baadhi yao hukaza maungio ya seli na kuchochea utoaji wa ute.

Hata hivyo, maabara si mwili wa mtoto. Mnamo 2018, matokeo ya majaribio mawili yaliyofanyiwa watoto zaidi ya 1,800 waliokuwa wakihara na kutapika nchini Marekani na Canada yalichapishwa. Waliopewa bakteria hao hawakupona vyema kuliko waliopewa dawa bandia.

Kinyume chake, utafiti wa Odisha, India, uliochapishwa mwaka 2017 na kuhusisha watoto wachanga zaidi ya 4,500, ulipata kuwa bakteria wa aina nyingine, waliochanganywa na sukari ya kuwalisha, walipunguza maambukizi hatari ya damu na vifo. Yaani aina ya bakteria, umri wa mtoto na maradhi yenyewe ndiyo huamua.

Kenya ina funzo lake. Utafiti wa 2015 katika pwani ya kusini ulibaini kuwa madini ya chuma yaliyoongezwa kwenye uji wa watoto yalizidisha viini hatari na uvimbe wa utumbo. Mwaka 2017 ilibainika kuwa kuongeza sukari maalumu, ambayo mwili haumeng’enyi bali hulisha bakteria wa manufaa, kulipunguza sehemu kubwa ya madhara hayo. Huko hakuna bakteria aliyenunuliwa. Waliokuwamo tumboni ndio waliolishwa.

Maziwa lala na mursik ni vyakula vyema na havihitaji kutetewa kwa madai ya uponyaji. Wanaouza vidonge nao walazimishwe kutaja aina ya bakteria, idadi yao na maradhi ambayo wamethibitishwa kuyakabili.

Kwa mzazi ambaye mtoto wake anahara leo, la kwanza ni maji yenye chumvi na sukari ya kurejesha maji mwilini, vidonge vya zinki, na maziwa ya mama yasikatizwe. Mtindi unaweza kungoja. Mtoto aliyeishiwa na maji hawezi.