Aina ya Neno Haimo Nenoni

Mwanafunzi aliyekariri kwamba nomino ni jina la kitu huikabili sentensi ya Kiingereza 'The poor fish the lake by night' kwa ujasiri: 'poor' kivumishi, 'fish' nomino. Akifika mwisho, kitenzi hakipo! Kumbe 'the poor' ni maskini wenyewe, na 'fish' ndicho kitenzi. Kiswahili, kwa hisani yake, kingesema 'huvua', na kiambishi hu- kingemaliza ubishi. Kiingereza kilikwisha kupoteza viambishi vyake vingi vya kale. Nafasi ya neno katika sentensi ndiyo huamua. Hivyo basi, mtahini anayeorodhesha maneno pwekepweke na kudai aina zake humdhulumu mtahiniwa. 'Round', bila sentensi, ni aina gani?