Mwalimu Aliyejificha

Mwaka 1923 Edward Bernays alianza kufundisha mahusiano ya umma katika Chuo Kikuu cha New York. Siku ya Pasaka ya mwaka 1929, wanawake walioandaliwa kwa mpango wake waliwasha sigara hadharani barabarani Fifth Avenue, eti wakidai uhuru. Kampuni ya tumbaku iliyomlipa Bernays haikutajwa.

Mimi ningeanzia hapo na wanafunzi wa chuo. Kutunga tangazo la kupendeza hufundishwa kwa juma moja (nanyi wengi mmekwisha kujifunza kwa simu zenu). Kuuliza ni nani aliyelipa, na kwa nini anajificha, kwahitaji muhula mzima. Mwanafunzi asiyethubutu kumtaja aliyemtuma nisingempa alama ya kufaulu, hata kazi yake ingesifiwa na darasa zima.