Tusifutiwe Safari ya Korongoni

Wahenga walinena kuwa aisifuye mvua imemnyea. Mimi leo nataka kuzungumzia mvua ambayo haikuninyea hata tone moja, na bado nusura iniue.

Wasomaji wapenzi, wengi wenu mnajua kwamba muhula uliopita chama chetu kiliomba safari ya kwenda kuutazama mto Ewaso Ng'iro. Tulitaka kufika pale unapobanwa na majabali, mpakani mwa Laikipia na Isiolo, mahali panapoitwa Crocodile Jaws, tutembee korongoni na waelekezi wa huko, tulale Archer's Post, kisha turudi na insha zetu. Jibu lilikuja kwa mstari mmoja tu: hapana, makorongo huua. Badala yake tukapelekwa ukumbini Nyeri mjini kutazama video na kunywa soda. Soda ilikuwa baridi, hilo sikatai.

Naam, makorongo huua. Aprili 2012 vijana saba wa kundi la kanisa walizolewa na maji katika korongo la Ol Njorowa, ndani ya mbuga ya Hell's Gate kule Naivasha. Septemba 2019 watu wengine saba wakafa mumo humo, na shirika la KWS likalifunga korongo hilo kwa wageni. Kuta zake zimesimama wima, na kuna mahali njia ni nyembamba hata unaweza kugusa pande zote mbili kwa mikono. Maji yakikukuta hapo utakimbilia wapi?

Lakini hebu tuulize maji hayo hutoka wapi. Huko ndiko kamati haikutaka kufika.

Likizo ya Aprili 2023 nilimtembelea mjomba wangu ambaye ana duka Archer's Post. Ukitoka hapa Chaka unapita Naro Moru, Nanyuki na Timau, kisha barabara inateremka Isiolo na joto linakupokea kama mlango wa tanuri. Unavua sweta, halafu unatamani kuvua na ngozi. Mimi na binamu zangu wawili tukashuka mtoni kucheza kandanda. Si mchezo! Mchanga ulikuwa mpana kuliko uwanja wetu wa shule, na maji yenyewe yalikuwa kijito cha kufika kwenye vifundo vya miguu. Mbingu ilikuwa nyeupe, jua kali, wingu hata la dawa hakuna.

Mvulana mmoja Msamburu, mdogo kwangu kwa umri, alikuwa akinywesha mbuzi. Ghafla akaanza kuwaswaga kupanda ukingo, akatupigia kelele: "Tokeni! Maji yanakuja!" Sisi tukacheka. Maji gani na jua hili? Akatuokotea mpira wetu akakimbia nao juu. Tukamfuata kwa hasira tukitaka mpira, na hiyo ndiyo sababu niko hai kuandika makala haya. Kwanza tulisikia mngurumo kama lori linalopanda mlima. Kisha yakaja, mekundu, yamebeba magogo na matawi, na uwanja wetu ukatoweka. Goli letu la mawe sijaliona tena mpaka leo.

Usiku mjomba alipiga simu nyumbani. Mama akamwambia, "Huku tunashukuru Mungu, mvua imenyesha tangu jana, hata kwenda sokoni hatujaenda."

Hapo ndipo nilipofunguka macho. Mito ya hapa Chaka penyewe huteremka Sagana na kuingia Tana. Lakini ukisogea tu Naro Moru, mito ya Mlima Kenya na ya Nyandarua hugeukia kaskazini na kuwa Ewaso Ng'iro, unaovuka nchi kavu hadi kinamasi cha Lorian. Machi 2010 mto huo huo ulizoa kambi na hoteli za watalii katika mbuga za Samburu na Buffalo Springs. Wakati wa kiangazi nao hukauka huko chini, kwa sababu sisi wa juu tumeshanyunyizia viazi na kabichi. (Hilo nalo lina makala yake, nitaliandika mwakani mhariri akinikubalia.)

Kwa hivyo mtu wa korongoni akitazama juu ya kichwa chake hapati habari. Habari ya mto wake iko huku mlimani, tena sisi tunayo bure. Tukiwa tunakwenda Ewaso Ng'iro, tupige simu Naro Moru na Nanyuki jioni ya kuamkia safari, na tena alfajiri. Tukiambiwa kumenyesha, tubaki Isiolo mjini tule nyama, basi. Na mwelekezi wa pale akisema tutoke, tutoke, hata kama ni mtoto wa mbuzi ishirini na mwalimu ana digrii. Sioni gharama yoyote hapo isipokuwa ya simu.

Kutufungia ndani hakutufundishi jambo hili. Kijana wa Chaka aliyekatazwa safari na shule atakwenda siku moja na marafiki zake kwa gari la kukodi, atashuka mchangani na mpira, na atacheka kama nilivyocheka. Je, yule mvulana atakuwapo?

Kamati itakutana tena muhula wa kwanza. Ombi letu tumeshaliandika upya, na safari hii tumeambatisha jedwali la nani atampigia nani na saa ngapi. Mama ametia sahihi fomu yangu. Alipomaliza akaigeuza, akaandika nambari yake ya simu kwa herufi kubwa, na chini yake: "Niulizeni mimi kama kunanyesha."