Kufasiri kwa Ajili ya Biashara: Somo kutoka Bandari ya Kigoma

Wafanyabiashara wengi hudhani kwamba kila ajuaye lugha mbili ni mfasiri. Dhana hiyo huleta hasara, na mahali pazuri pa kuipima ni Kigoma, bandari ya Ziwa Tanganyika inayofanya biashara na Burundi, Kongo na Zambia.

Tuchukue mfano wa samaki. Wale wadogo wanaoanikwa Ujiji kwa jina la dagaa huitwa ndagala ng'ambo ya Burundi na Kongo, na kapenta huko Zambia. Migebuka wa Kigoma ndiye mukeke wa Bujumbura. Tena dagaa wa Ziwa Victoria ni samaki wa jamii nyingine kabisa. Kwa hiyo mfasiri wa hati ya mauzo hana budi kujua kwanza ni samaki gani aliyemo guniani. Jina la kisayansi, mathalani Lates stappersii kwa migebuka, huondoa utata.

Hesabu nazo zina lugha yake. Katika maandishi ya Kifaransa, mkato hutenga desimali. Basi "tani 1,500" ni tani moja na nusu. Msomaji aliyefundishwa Tanzania ataona tani elfu moja na mia tano.

Saa pia. Meli ikiondoka Kigoma saa 3 asubuhi, hati ya Kifaransa itaandika 9. Lakini wakati huo huo saa za Bujumbura na Kalemie zinaonyesha 8, kwa kuwa ziko nyuma kwa saa moja. Mfasiri aliyeandika 3 amefasiri neno na kumpoteza abiria.

Wapo wasemao kwamba Kiswahili kinatosha, kwa sababu kinasemwa pande zote mbili za ziwa. Sokoni, ni kweli. Lakini Burundi na Kongo hutumia Kifaransa katika hati nyingi za ofisini, na hasara hutokea penye sahihi na muhuri.

Anayetaka kuanzisha huduma hii na achague kwanza biashara moja, kama vile samaki au usafirishaji. Aandike kila istilahi kwenye kadi pamoja na maana yake, akizingatia istilahi sanifu za Baraza la Kiswahili la Taifa, lililoundwa mwaka 1967. Kisha kila hati isomwe na mtu wa nchi inakokwenda kabla haijatolewa. Kompyuta humsaidia kwa wepesi, ila haijui kilichomo guniani.

Shule za Kigoma zina mtaji mkubwa. Mwanafunzi anayesema Kiha huelewa sehemu kubwa ya Kirundi, kwa maana lugha hizo ni ndugu. Akiongezewa Kifaransa, na akizoezwa kupima uzito, saa na majina ya viumbe kwa uangalifu wa maabara, atakuwa mfasiri ambaye mfanyabiashara anaweza kumwamini kwa mali yake.